Kijana aliyeacha kusali nyuma ya baba yake: uchambuzi wa kisa kutoka Pemba

Kisa chenyewe na wanaokusudiwa

Kisa hiki kimetokea katika shehia moja ya kaskazini mwa Pemba. Nimekiandika kwa ajili ya walimu wa vyuo vya Kurani, na kwa wazazi ambao watoto wao wamefikia ule umri wa kuanza kujua mambo ya dini ambayo wao wenyewe hawakubahatika kuyasoma. Majina sikuyataja, na alama ambazo jirani angeweza kuwatambulia nimezibadilisha. Wenyewe wameridhia kisimuliwe. Bibi wa nyumba hiyo alitoa sharti moja tu, kwamba aliyoyasema yeye yasipambwe.

Usuli

Nyumba ina watu sita. Baba ni mvuvi aliyepita miaka 40, mwenye pia mikarafuu michache ya urithi. Wengine ni mkewe, mama yake mzazi, kijana wa miaka 13, binti wa miaka 9 na mtoto mchanga.

Baba aliishia Juzuu Amma, ile juzuu ya mwisho ya Kurani. Mwaka aliotakiwa aendelee, karafuu zilizaa sana na nyumba ilihitaji mikono ya kuchuma na kuanika, akatoka chuoni na hakurudi. Sehemu kubwa ya dini yake, pamoja na Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani isomwayo katika kila rakaa, aliipata kwa mama yake wakati wa usiku: mama anasema, mtoto anafuatiza. Mama naye aliipata hivyo hivyo kwa wakubwa zake, bila ya msahafu mbele. Njia hii isidharauliwe. Ndiyo iliyowafanya watu ambao hawajui alifu wala be wasimamishe sala tano kwa miaka 60. Lakini anayejifunza kwa sikio huchukua pia makosa ya anayemfundisha, na hana pa kuyatazamia.

Desturi ya nyumba ilikuwa hivi. Maghribi baba husali msikitini, kisha hurudi akasalisha Isha nyumbani ili wanawake na watoto nao wapate jamaa. Baba yake alifanya hivyo kabla yake. Mkeka hutandikwa ukumbini, baba mbele, kijana nyuma yake, wanawake nyuma ya kijana.

Kijana anakwenda skuli asubuhi na chuo jioni. Alikuwa na hifdhi nzuri, na maalim wake alimtia katika kundi linaloandaliwa kwa mashindano ya kuhifadhi Kurani. Mwaka huo kundi lilianza fikhi, yaani elimu ya hukumu za ibada: Safina kwanza, kisha Matni ya Abu Shujaa, vitabu viwili vya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Wazanzibari walio wengi. Katika Safina alihesabu nguzo 17 za sala na shadda 14 za Alhamdu, yaani mahali ambapo herufi hukazwa. Katika Abu Shujaa akakutana na mstari mfupi unaosema kwamba mtu mzima anaweza kumfuata katika sala kijana aliyekaribia kubaleghe, ila mwanamume hamfuati mwanamke, wala msomaji hamfuati ummi. Maalim alieleza kuwa ummi katika mlango huu ni yule anayeharibu herufi au shadda ya Alhamdu. Somo likaendelea na mstari uliofuata.

Ulimi uliolelewa na Kiswahili peke yake hauna mazoea ya kukaza herufi moja mara mbili. "Iyyaka" hutoka "iyaka", na shadda moja imekwenda. Hilo ndilo lililokuwa kosa la baba.

Mambo yalivyokwenda

Kijana hakusema kitu mwanzoni. Alianza kuchelewa. Mara anamalizia kazi ya skuli, mara anaoga. Akilazimika kusimama safuni, husali na wenzake, halafu huingia chumbani na kufunga mlango. Hali hii ilianza Mfungo Tisa na kuendelea hadi Rajabu ilipoingia.

Aliyegundua ni dada yake. Siku moja wakati wa kula alisema, kama mtoto anayesema jambo la kawaida, kwamba kaka anasali Isha mara mbili. Baba alifurahi. Alidhani mwanawe amezidisha sunna, akamuuliza anasali sunna gani. Kijana alinyamaza kidogo, halafu akasema:

"Baba, mie nikisali nyuma yako sala yangu haisihi. Wewe Alhamdu yako haijatimia."

Hakuipandisha sauti, na hakuikusudia iwe ufedhuli. Wote waliokuwapo wanakubaliana juu ya hilo, na baba mwenyewe anakubali. Lakini alilisema mbele ya mama yake, dada yake na bibi yake, sahani ikiwa katikati.

Baba aliinuka bila ya kumaliza chakula. Usiku ule hakusalisha, na uliofuata pia. Alianza kusali Isha msikitini na kurudi watu wameshalala. Asubuhi ya pili alimwambia kijana asiende tena chuoni: "Kama wamekufundisha kunihukumu, basi umeshahitimu."

Bibi alinyamaza siku ile. Kesho yake alimuuliza mjukuu wake swali ambalo kijana hakuwa na jawabu lake: "Huyo babako nimemfundisha mimi. Basi na mimi miaka yote hii sijasali?"

Ammi wa kijana, anayeishi Unguja, alipigiwa simu. Yeye alishauri bakora, na akataja ile hadithi ya kuwaamrisha watoto kusali wakiwa na miaka saba na kuwapiga wakifika kumi. Baba hakuufuata ushauri huo. Nitaurejea, kwa sababu watu wengi wangeufuata.

Maalim anaingia

Maalim aliuona upungufu kundini na akaja nyumbani. Alikuja baada ya Alasiri, wakati ambao baba huwa kibarazani na nyavu zake, na hakuanza na habari ya kijana. Walizungumza bahari na bei ya karafuu mpaka baba mwenyewe akafungua mlango wa maneno. Alipousikia mkasa wote, maalim alifanya mambo manne, na la kwanza lilikuwa kukataa kuhukumu palepale. Kijana alikuwa karibu, ameshikilia pumzi. Maalim akasema tu kwamba Alhamdu husikizwa na aliyefunzwa kusikiza, wala haihukumiwi kwa habari, na akamwalika baba kwake.

Sababu yake, alivyonieleza, ilikuwa rahisi. Angesema kijana amekosea, angekuwa amesema uongo juu ya elimu. Angesema kijana amepatia, angekuwa ameivunja heshima ya mzazi mbele ya mtoto, na mtoto yule angeirudia kazi ile katika nyumba nyingine.

La pili, alimsikiliza baba faraghani. Kijana alikuwa ameorodhesha makosa matano. Manne yalikuwa ya upungufu wa tajuwidi, yaani kanuni za kuipamba kisomo: madda (mvuto wa sauti) iliyofupishwa na mfano wa hayo, ambayo hayabatilishi sala ya mtu wala ya anayemfuata. La tano, shadda ya "iyyaka", lilikuwa kosa la kweli. Kwa hiyo kijana alipatia moja na kukosea manne, lakini lile moja lilikuwa na uzito wa kutosha.

La tatu, alizungumza na kijana peke yake. Hapa maalim alitumia aya za Suratul Maryam, kuanzia ya 42 hadi ya 45, ambamo Nabii Ibrahim anamwambia baba yake kuwa imemfikia elimu ambayo yeye haijamfikia. Kijana alikuwa amezihifadhi. Maalim akamtaka ahesabu Ibrahim ameita "ewe baba yangu" mara ngapi. Ni mara nne, moja katika kila aya. "Na babake alikuwa anaabudu masanamu," akamwambia. "Wako wewe anakusalisha." Akamkumbusha pia kile kisa kinachosimuliwa sana vyuoni cha Hasan na Husein, walipomwona mzee akikosea udhu na wakamwomba awe mwamuzi wao nani kati yao anatawadha vizuri zaidi. Kijana alikijua kisa hicho neno kwa neno. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba ni mafunzo ya kutumia.

La nne, alikwenda kwa bibi. Alimweleza kwamba aliyejitahidi kwa alichofundishwa, na hakupata wa kumsahihisha, sala yake inasihi kwa nafsi yake. Na kwamba ummi humfuata ummi mwenziwe wa kosa lile lile, kwa hiyo hata Isha alizosalishwa na mwanawe zimetimia. Bibi akauliza: "Na sasa nimeshajua?" Maalim akajibu kuwa sasa imembidi ajifunze. Akamsimulia pia habari ya Amri bin Salima, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari: mtoto wa miaka sita au saba aliyewasalisha watu wa kabila lake kwa kuwa ndiye aliyehifadhi Kurani zaidi, na nguo yake ilikuwa fupi, akisujudu inapanda, mpaka mwanamke mmoja akasema wamsitiri msomaji wao. Wakamnunulia kitambaa, wakamshonea kanzu, na yeye akasema hakuwahi kufurahia kitu kama kanzu ile. Bibi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kucheka tangu siku ya sahani.

Mipango miwili iliyokwama

Maalim na baba walikubaliana mambo mawili. Baba angekwenda kujifunza kwa maalim baada ya Alfajiri, na kwa muda huo kijana ndiye angesalisha Isha nyumbani. Kwa fikhi, mpango wa pili haukuwa na dosari. Ule ule mstari wa Abu Shujaa uliozusha tatizo ndio unaoruhusu mtu mzima kumfuata kijana aliyekaribia kubaleghe.

Wa kwanza ulidumu kidogo sana. Mvuvi anayerudi na bamvua hana Alfajiri ya kudumu. Aidha barazani kwa maalim wakati ule hupita vijana waendao skuli, na mtu mzima anayerudiarudia neno moja mbele ya mtoto wa jirani huona kila anayepita anamtazama. Baba akatoa udhuru, kisha udhuru mwingine, kisha hakutoa tena.

Wa pili uliharibu zaidi. Kijana alisalisha, na alisalisha vizuri, ila alianza kurefusha. Sura ndefu mbili katika Isha ya nyumba yenye mtoto mchanga na bibi mwenye magoti mabovu! Dada yake alilalamika waziwazi. Baba alikuwa akija katika rakaa ya pili au ya tatu, anasimama pembeni, na akishatoa salamu anaondoka. Hakuna aliyeweza kumlaumu, kwa kuwa alitekeleza alichoahidi. Maalim aliposikia, aliusimamisha mpango ule.

Bibi anaomba kusikizwa

Kilichofuata hakikupangwa na mtu yeyote. Usiku mmoja bibi alimwita mjukuu wake chumbani na kumwambia: "Njoo unisikize Alhamdu yangu. Lakini usinicheke."

Kijana alikaa. Alimfundisha kama alivyofundishwa yeye, kwa hijai: herufi, irabu, kisha neno. Kwenye shadda alimtaka asimame juu ya herufi kabla hajaiachia, "iy", halafu "yaka". Bibi aliipata shadda mapema. Aini ilimshinda, na hadi leo inamshinda, na kijana alilipeleka jambo hilo kwa maalim kabla ya kusema chochote. Hilo ni badiliko la kuangaliwa. Miezi miwili nyuma angelitoa hukumu mwenyewe.

Somo likawa la kila usiku. Mlango wa chumba uko wazi kwa ajili ya joto, na kibaraza kiko nje yake. Baba alikuwa pale na nyavu zake. Usiku mmoja bibi alikwama, akasema "iyaka" kwa mazoea ya zamani, na kabla kijana hajamrekebisha, sauti ikatoka nje: "Iyyaka, mama." Ilikuwa sawasawa, shadda na yote. Bibi akamwambia aingie ndani, kwani anasikia vibaya kutoka nje. Masikio ya bibi yule hayana neno lolote. Baba akaingia, na tangu usiku ule alikaa.

Katika usiku mmojawapo binti wa miaka 9 aliuliza hiyo "iyyaka" inayogombaniwa maana yake nini. Kijana alifungua mdomo akaufunga. Alikuwa na Alhamdu kamili, na hukumu zake, na shadda zake 14, lakini maana hakuwahi kuulizwa. Aliyejibu ni baba: "Wewe tu tunakuabudu, na Wewe tu tunakuomba msaada." Aliipata katika darsa za tafsiri za redioni, mwezi wa Ramadhani, miaka mingi akishona nyavu. Akaeleza na aya iliyotangulia, na iliyofuata, na kwa nini aya hii inasemwa kwa wingi hata na anayesali peke yake. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho. Mama wa nyumba akaazima kwa jirani tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ile iliyotoka kamili mwaka 1969, na somo la usiku likawa na sehemu mbili: kijana anasikiza matamshi, baba anasoma maana.

Lililojulikana mwisho

Nilipokuwa nikikusanya kisa hiki nilizungumza na kila mmoja wao, na mama nilimwachia mwisho kwa kuwa hakutajwa na mtu. Kumbe mama amekhitimu msahafu tangu yuko kwao. Tajuwidi yake si mbaya hata kidogo. Na kosa la mume wake alilijua tangu mwaka waliooana.

"Ningesema nini?" aliniuliza. "Ni mume wangu, na aliyemfundisha ni mama mkwe." Alichofanya ni kutafuta udhuru. Chungu kiko jikoni. Mtoto analia. Mtoto akikua, anazaliwa mwingine. Miaka 15 amekuwa akisali Isha peke yake baada ya jamaa kumaliza, na hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa sababu mwanamke kuwa na kazi wakati wa Isha si jambo la kuulizwa.

Matokeo

Ramadhani ilipoingia baba alirudi mbele. Maalim alikuja kumsikiliza mara nyingine na akaridhika. Mama sasa husali safuni. Kijana alirudishwa chuoni katikati ya Shaabani, lakini nafasi yake katika kundi la mashindano alikuwa ameshapewa mwingine, na kwa haki, kwa sababu alikosa masomo mengi. Hilo limemuuma na bado linamuuma. Bibi, licha ya kila alichoambiwa, analipa kadha. Kila baada ya sala ya faradhi husali nyingine ya miaka iliyopita. Maalim amemweleza tena kuwa hailazimu. Yeye anasema anajua.

Uchambuzi

Watu wengi wakikisikia kisa hiki hukimbilia adabu ya kijana. Ni kweli alikosea pa kusemea. Ila tumtendee haki. Alifundishwa hukumu inayohusu sala yake, sala ni nguzo, na hakufundishwa afanye nini hukumu ile inapomwangukia baba yake mwenyewe. Kwa wiki kadhaa alichagua njia ya kimya: kuchelewa, kurudia sala chumbani. Alisema pale alipoulizwa, na alisema kweli. Mtoto ambaye angedanganya angeikinga nyumba na aibu ile. Tungempenda zaidi?

Kosa la kwanza, kwa mtazamo wangu, liko darasani. Mstari wa Abu Shujaa umesomeshwa kwa dakika chache kama mistari mingine, kwa watoto ambao karibu wote wana mzazi au babu aliyejifunza Alhamdu kwa sikio. Mwalimu anayeufundisha Pemba ajue kuwa mwanafunzi atakwenda nao nyumbani usiku ule ule na kusikiliza. Ni lazima ufundishwe pamoja na yale yanayouzunguka: tofauti ya kosa linalobatilisha na lisilobatilisha, udhuru wa asiyepata mwalimu, na kwamba mtoto anayedhani amesikia kosa hupeleka shaka yake kwa mwalimu kwanza. Haya yote yamo katika fikhi ile ile ya Shafi. Kijana alipewa nusu ya somo, akaitumia kama somo zima.

Kuhusu ushauri wa ammi: hadithi ile inamhusu mtoto aliyeacha sala. Huyu hakuacha. Alikuwa akiisali mara mbili. Kumpiga kwa hadithi ile kungekuwa kumwadhibu kwa kuijali sala kupita kiasi, na angejifunza kwamba dini nyumbani ni suala la nani mkubwa. Baba alikuwa na hasira za kutosha kuufuata ushauri huo, na hakuufuata. Katika mema yote ya kisa hiki, hili limesifiwa kidogo kuliko linavyostahiki. Lakini kumtoa chuoni nako kulikuwa adhabu, na adhabu yenyewe iliangukia hifdhi, jambo lisilokuwa na kosa.

Kwa nini masomo ya Alfajiri yalishindwa na ya usiku yakafaulu, hali ya kuwa mwalimu wa Alfajiri ni bora? Tofauti ya saa na mahali ilichangia, ila si kubwa kama tofauti ya nani aliyeanza. Maalim alimtaka baba akubali upungufu kwanza ndipo ajifunze. Bibi, aliye chanzo cha upungufu wenyewe, alikaa mbele ya mjukuu na kuomba asichekwe. Baada ya hapo baba hakuwa na heshima ya kulinda. Aliyemfundisha amekuwa mwanafunzi, basi yeye ni nani? Na akapewa nafasi ya kukaa nje na kusikiliza kwa muda aliotaka bila ya mtu kumwita mwanafunzi. Nimeona walimu wengi wakiitisha madarasa ya watu wazima kwa tangazo la msikitini na kushangaa wanakuja watatu. Tangazo linamtaka mtu akiri mbele ya mji.

Mpango wa kumfanya kijana imamu unahitaji kutazamwa kwa makini, maana ulikuwa sahihi na ukadhuru. Kisa cha Amri bin Salima kinapendeza, lakini pale kabila zima lilimtafuta msomaji wake na kumtanguliza kwa hiari, na hakuna baba aliyeondolewa ili yeye asimame. Katika nyumba yetu kijana aliwekwa mahali ambapo baba alitolewa siku chache nyuma, na aliyemtoa ni yeye mwenyewe. Kurefusha kwake sura kulikuwa alama ya kwanza. Kama ingelazimu awepo wa kusalisha kwa muda ule, wote wangekwenda msikitini, au kila mtu angesali peke yake mpaka mambo yatulie.

Swali la binti nalihesabu kuwa ndilo lililomaliza ugomvi, kuliko shadda yenyewe. Mpaka pale elimu ilikuwa ikipanda tu, kutoka kwa mtoto kwenda kwa wakubwa, na baba alikuwa mpokeaji katika nyumba yake. Swali la maana likaonesha kuwa mvuvi aliyesikiliza redio miaka 20 ana kitu ambacho mwanafunzi wa mashindano hana. Vyuo vyetu vingi vinapima hifdhi na matamshi, kwa kuwa hivyo hupimika, na mtoto hutoka akidhani ndiyo dini yote. Mzazi naye huamini hivyo hivyo, akajiona hana la kumpa mtoto aliyemshinda matamshi. Baba huyu alikuwa na la kumpa muda wote. Lilisubiri kuulizwa.

Ama mama, hapa ndipo ninapomlaumu maalim, na mwenyewe nimemwambia. Alizungumza na baba, kijana na bibi, akapita jikoni bila ya kuuliza. Angeuliza, angempata ndani ya nyumba mwalimu wa nyakati zote, mwenye uwezo wa kumsikiliza mama mkwe wake bila ya mtoto kubebeshwa mzigo ule. Kimya cha mama kilikuwa na hekima yake, na kiliilinda amani ya nyumba. Lakini miaka 15 ya kimya haikumfundisha mume wake herufi hata moja, na mwanawe alirithi hila ile ile ya udhuru na mlango uliofungwa. Sidhani kama aliiona kwa mama yake na kuiiga. Nadhani nyumba ambayo haina njia ya mdogo kumwambia mkubwa jambo la dini itamfundisha kila anayekaa ndani yake kujificha.

Yanayofanyika sasa

Maalim amebadilisha mpangilio. Mlango wa uimamu haufundishwi tena peke yake, na kila Shaabani hukaa na wazazi wa kundi la fikhi kuwaeleza watoto wao wamesoma nini mwaka huo, kabla watoto hawajawaeleza wenyewe. Mama wa kijana husikiza Alhamdu za wanawake wa mtaa nyumbani kwake siku za Alkhamisi, mlango umefungwa.

Baba, akirudi baharini amechoka, shadda bado humponyoka mara mojamoja. Kijana alikwenda kumuuliza maalim afanye nini, naye akamfundisha kumfungulia imamu: maamuma hulisoma neno kwa sauti kutoka nyuma, kwa nia ya kusoma, na imamu hulirudia, kama ifanyikavyo msikitini imamu anapokwama katika sura. Walimwuliza baba kama ataridhia. Alisema sharti kijana asubiri kwanza, huenda akajirekebisha mwenyewe.